Siku Ratiba Alipolala

Nimekaa chumba kimoja na Ratiba mwaka mzima na sijawahi kumwona akipumzika bila kalamu mkononi. Bwenini tulimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi hubandika karatasi ukutani juu ya kitanda chake, na kila kitu kimo humo, hadi kupiga mswaki.

Siku ya shindano la chuo la mawazo ya biashara karatasi ilisema: saa moja, chai. Saa mbili, kipindi cha takwimu. Saa nne, mazoezi ya kutetea wazo. Saa tano na nusu, kucheka. Saa sita hadi saa saba, kulala. Saa nane, majaji.

Kucheka na kulala viliongezwa kwa agizo la mhadhiri wetu wa biashara. Alimkuta wiki ile akisinzia amesimama, akamwambia mtu aliyechoka hauzi hata maji jangwani. Ratiba hakubisha, aliandika tu.

Mshindi angepewa chumba kando ya geti la chuo, kile kilichokuwa stoo ya mafagio, akitumie bure mwaka mzima. Kwa mtu mwenye pake hicho ni kitu kidogo. Lakini mama yake Ratiba hubadilisha zipu kwenye kibaraza cha duka, na mwenye duka alikuwa ameshamwambia ahame mwisho wa mwezi, anataka kupanga magodoro pale. Kwa hiyo wazo la Ratiba lilikuwa zipu. Wanafunzi elfu mbili, mabegi elfu mbili, na hakuna begi la mwanafunzi lenye zipu nzima. Nilimwambia wazo ni zuri. Begi langu mimi nalifunga kwa pini.

Saa tano na nusu kamili akaketi kitandani. "Haya, nichekeshe."

Jamani, mtu hachekeshwi kwa saa. Nikamsimulia habari ya mpishi wetu aliyejifungia jikoni akiwa amemfungia nje mwenye funguo. Akasikiliza hadi mwisho, hata jino halikuonekana.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Asante." Akaweka alama ya vema kwenye karatasi.

Kulala ndiko kulikokuwa kazi. Alizima simu, akajinyoosha chali, mikono ubavuni, macho ameyakaza mpaka jasho likamtoka puani.

"Nimelala?" akauliza.

"Bado. Unaongea."

Hapo ndipo mama yake alipobisha hodi. Alikuwa amebeba cherehani ya mkono na mfuko wa zipu na wembe, ili majaji waone kazi yenyewe. Nikamwamkia, akaitika, akamtazama binti yake aliyekuwa anapigana na shuka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Lala, mama. Nitakuamsha mwenyewe." Hazikupita dakika mbili, Ratiba akaanza kukoroma.

Saa saba ikafika. "Mama, muda umefika," nikamwambia.

"Nauona."

Saa saba na nusu nikamkumbusha tena. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe una mtoto?"

"Sina."

"Basi kaa."

Nikakaa. Kwenye suala la kulala mimi si mtu wa ubishi, na nakiri hapo nilikosea.

Ratiba alishtuka mwenyewe saa nane na dakika kumi. Alimtazama mama yake, akaitazama saa, akamtazama tena mama yake. Tukatoka mbio. Cherehani niliibeba mimi, na chuma kile hakina huruma na mtu mvivu.

Ukumbini majaji watatu walikuwa wanakusanya karatasi. Mwenyekiti wao, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alituangalia tulivyokuwa tunahema. "Dakika tano," alisema. "Sita sina."

Ratiba alizungumza bila karatasi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alizungumza vizuri, tena akitabasamu. Usingizi ulikuwa umefanya kazi yake, sina budi kusema hivyo.

"Na hizo zipu atabadilisha nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mama yangu. Yule pale nyuma."

"Ni mwanafunzi?"

"Hapana."

"Masharti yanasema mwanafunzi afanye kazi kwa mkono wake. Wewe unaweza?"

Ratiba akamgeukia mama yake. Nilijua kwa nini, alishanisimulia. Tangu utotoni mama yake alimkataza kugusa cherehani. Vidole vyako ni vya kalamu, alikuwa akimwambia, na siku nitakayokukuta hapa, naiuza. Sasa katazo lile ndilo lililokuwa linamnyima chumba, na mama mwenyewe alilielewa pale pale, maana aliinamisha kichwa. Roho iliniuma.

Mwenyekiti akasukuma kipochi chake mezani. Zipu ilikuwa imeachana katikati. "Nimeuliza, unaweza?"

"Naweza," Ratiba akasema kwa sauti ndogo.

Akaketi. Akafumua mshono kwa wembe, akatoa zipu ya zamani, akapachika mpya, akazungusha mkono wa cherehani taratibu, kona moja baada ya nyingine. Dakika tano zilipita, zikapita na nyingine, na hakuna jaji aliyetazama saa.

Mama yake alisogea mbele. "Umejifunza wapi?"

"Nyumbani. Jumapili mchana, ukiwa umelala."

"Zile zipu ninazozikuta Jumatatu zimeshabadilishwa?"

"Ni mimi, mama."

Mama akawageukia majaji, maana ilibidi amwambie mtu. "Nilikwenda kwa daktari," alisema. "Nikamwambia akili inanitoka, nafanya kazi halafu sikumbuki kama nimeifanya. Akaniambia nipumzike zaidi. Na kila nilivyozidi kulala, ndivyo nilivyozidi kusahau."

Jaji mmoja aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kalamu. Mwenyekiti hakucheka. Alimpa mama kile kipochi. "Fundi, kazi hii unaionaje?"

Mama akakifungua na kukifunga mara tatu. Akakigeuza ndani nje, akatafuta kosa kwa nia mbaya kabisa, na hakuliona. Akaushika mkono wa kulia wa binti yake, akaukunjua, akazitazama ncha za vidole. Zilikuwa na vidonda vidogo vya sindano, vya zamani na vya juzi.

"Mpeni," alisema, na akalia pale pale mbele ya majaji, bila hata kutafuta leso.