Kwanza Mguu, Kisha Kidole

Nilifika Kolwezi kwa treni kutoka Mwene-Ditu, kwetu Kasai, nikiwa na diploma ya sekondari na viatu vya kaka yangu. Injini iliharibika, tukalala porini, na kwenye stesheni ya Lubudi tukanunua mihogo ya kuchemsha madirishani. Mjomba alinipokea kwake, mtaa wa Dilala. Kesho yake nikaanza kazi katika laboratwari, yaani maabara, ya hospitali ya wachimba migodi.

Chef wa laboratwari, mkuu wetu, alikuwa mama wa Katanga ya kaskazini, mchache wa maneno. Siku hiyo ya kwanza alinishika mkono nilipotaka kumchoma kidole mgonjwa wa sukari.

"Kwanza muguu, kisha kidole."

Aligusa upande wa juu wa mguu wa mgonjwa, karibu na vidole, mahali mshipa unapodunda. Damu ya kidole hueleza sukari ya saa ile tu, lakini sukari ya ukubwani, inayoitwa aina ya pili, huziba mishipa kimyakimya kwa miaka. Ndiyo maana tulipima pia kolesteroli, yaani mafuta ya damu, na kreatinini, taka ambayo figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Umeme ukikatika, tulizungusha tubo za damu kwa mashine ya mkono hadi maji ya damu yajitenge.

Kisha migodi ikaanza kufa, na sisi wa asili ya Kasai tukaambiwa na wakuu wa Katanga turudi kwetu, hata waliozaliwa hapo hapo Kolwezi, mtaa wa Musonoi. Watu walijaa stesheni wakingoja treni, wakilala chini ya maturubai. Huko, nami nikingoja, nilimkuta Tata Mbuyi, fundi wa mitambo, mgonjwa wetu wa siku nyingi, akichechemea. Nikampeleka hospitalini. Sukari yake ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote.

"Unaona?" alicheka. "Bale banatufukuza beko badokta bazuri kupita ninyi. Mi nimepona. Dawa nilitupa."

"Tata, ile ni njala," chef alimwambia. "Sukari imeshuka ju haukule. Vua kiatu."

Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Chef akagusa juu ya mguu, akagusa tena, kisha akaniita niguse. Ulikuwa baridi, na mshipa haudundi. Kreatinini nayo ilikuwa imepanda.

"Mupasuaji atakata muguu kesho. Bila ile, weusi utapanda."

"Na treni ikikuja kesho?" aliuliza Mama Ngalula, mke wake.

Chef akaanza kumfunga vidole bendeji.

Treni ilikuja asubuhi, na wengi walisema ndiyo ya mwisho. Tata Mbuyi aliamua mwenyewe.

"Mi sibaki hapa na muguu moja, bale banikute kwa kitanda."

Tangu hapo nimezunguka laboratwari nyingi, Kananga, Tshikapa, hadi macho yakachoka kwa darubini, nikaacha kazi mapema. Leo kuna kipimo kinachosoma sukari ya miezi iliyopita, na njaa ya siku chache haikidanganyi. Vijana wa kazi hii wana bahati. Bado nawaambia wawavue wagonjwa viatu.

Siku ile ya treni ya mwisho, tulipanda sote watatu behewa la mizigo. Chef alikuja hadi mlangoni na chupa ya spiriti na bendeji.

"Utakuwa unamugusa njiani," aliniambia, akageuka.

Kila treni iliposimama niligusa pale baridi ilipofika: kifundo, halafu goti, halafu paja. Lubudi wanawake walikuwa bado wanauza mihogo. Tata Mbuyi akaomba. Mama Ngalula aliniangalia kwanza, kama alivyozoea hospitalini, akiuliza kwa macho kama sukari inaruhusu chakula kile. Nikapokea mihogo mlangoni mwa behewa, nikamenya, nikampa mama amlishe.