Sahani Moja, Vyungu Viwili

Nimeuza matrekta kuukuu kwa miaka arobaini na moja, na katika biashara hiyo nimejifunza jambo moja: mnunuzi akitaja sita nawe ukataja kumi, nyote wawili mnajua mtaishia nane. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba siasa nayo ni trekta.

Mimi ni Lucien Pelkey wa Harrow Mills, Vermont, mji wa watu mia saba na ushee, kila mmoja akiwa na maoni ya watu watatu. Baba yangu alikamua ng'ombe wa watu. Mimi nilianza na trekta moja bovu, nikalitengeneza, nikaliuza, nikanunua mawili. Hakuna aliyenisaidia, na nilihakikisha kila mtu anajua hivyo, mpaka mke wangu Doreen akaniambia nigombee ubunge wa jimbo, nikawahadithie wabunge badala yake.

Niligombea kwa chama cha Republican, kwa kuwa ndicho baba alichokipigia kura. Nikashinda kwa kura za Wademokrati, kwa kuwa ndio walionunua matrekta yangu. Kila Januari kwa miaka kumi na sita nilikwenda Montpelier, makao makuu ya jimbo, nikaketi katikati ya ukumbi wa bunge. Wa kulia kwangu waliniona msaliti. Wa kushoto waliniona msaliti aliyechelewa kufika. Gazeti moja likaniita "mtu wa wastani". Nilikikata kipande hicho nikakibandika ofisini.

Doreen akakitazama. "Wastani? Ndivyo mwalimu alivyokuwa akiandika kwenye ripoti ya kaka yangu."

Kazi yangu kubwa ni daraja la mtoni. Watu wa Mlimani, upande mmoja wa mji wetu, walitaka daraja pana la njia mbili. Watu wa Kinuni, ng'ambo ya pili, hawakutaka daraja lolote. Nikakaa nao, nikapunguza hapa, nikaongeza pale, nikawapatia daraja la njia moja. Wote wakaondoka wamenuna, nami nikajipongeza, maana ndivyo biashara nzuri inavyoisha. Magari mawili yalipokutana pale, madereva walishusha vioo na kulitaja jina langu pamoja na la mama yangu. Kibao cha kusema nani ampishe nani sikukiweka. Kingenilazimu kuchagua.

Sasa nije kwenye maharage, maana ndiyo yaliyonimaliza.

Kila Julai kanisa letu hupika maharage ya shimoni: vyungu vya chuma hufukiwa kwenye makaa tangu jana yake, watu wakaja Jumamosi jioni kula. Verna Crockett wa Mlimani hupika meupe yenye jicho la njano. Alma Gagnon wa Kinuni hupika mekundu. Ukila ya Verna, wewe ni mtu wa Verna. Watu wetu huzaliwa upande mmoja na kuzikwa upande huohuo, na hakuna anayechanganya. Ila mimi nilikuwa na ujanja wangu. Chakula kiliandaliwa kwa awamu mbili. Saa kumi na moja nilikula ya Verna, Alma akiwa bado nje anafukua chungu chake. Saa kumi na mbili na nusu nilikula ya Alma, Verna akiwa amekwenda kuwafungia kuku wake. Kila mmoja aliamini mimi ni wake. Wengine wangeuita huo udanganyifu. Mimi niliuita uwakilishi.

Mwaka ule wa kumi na sita walaji walipungua, kanisa likatangaza awamu moja tu. Zilibaki siku kumi kabla ya kura za mchujo za chama, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na mpinzani: Dale Sawtelle, muuza majiko ya kuni, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nikiikosa Mlimani, kiti kimekwenda. Nikiikosa Kinuni, kiti kimekwenda.

Nikashika sahani, nikasimama kwenye foleni.

"Lucien!" Verna akainua upawa. "Kama kawaida?"

"Kawaida ipi?" Alma akadakia pembeni yake. "Huyo wangu, Verna. Usinichokoze."

"Wako tangu lini? Miaka yote anakula kwangu!"

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Nikafanya nilichokuwa nimekifanya maisha yangu yote.

"Nusu kwa nusu," nikasema.

"Nusu ya nini?" akauliza Verna, taratibu.

"Nusu yako, nusu yake. Sahani moja."

Wakanipakulia kama watu wanaompakulia maiti. Nilikuwa nimesahau kwamba maharage yana mchuzi, na mchuzi haujui mpaka.

"Tazama, tazama! Mchuzi wako unaingia kwenye wangu!"

"Wako ndio unaoingia kwangu, Verna!"

"Mama zangu," nikasema, kwa sauti ileile niliyotumia bungeni, "yote ni matamu, kila moja kwa namna yake."

Alma akaweka upawa chini. "Mwaka jana uliniambia yangu ndiyo maharage, mengine ni kokoto."

"Kokoto?" Verna akageuka. "Mimi aliniambia yako ni ya kulishia nguruwe!"

Wanawake hawa hawakuwa wamekubaliana neno kwa miaka thelathini. Jioni ile niliwapatanisha.

Nyuma yangu Dale Sawtelle akanyoosha sahani. "Mekundu, Alma, jaza. Verna, nisamehe, yako siyawezi. Yananipiga gesi mpaka mbwa anahama."

Ukumbi mzima ukacheka, Verna naye akacheka. "Mshenzi," akasema, "lakini angalau najua anakula nini."

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Fisi angalau alikuwa na njaa. Mimi nilikuwa nimekula nyumbani.

Nilishindwa kwa kura kumi na moja. Nikadai zihesabiwe upya. Zikawa kumi na mbili.

Machi iliyofuata ulifika mkutano wa mji, ambapo wote tunakaa ukumbini na kuamua mambo yetu kwa kuinua mikono. Kwanza huchaguliwa mwendeshaji wa mkutano. Kwa kawaida yeye hapigi kura ya mikono, ila pande mbili zikilingana.

Verna akasimama. "Nampendekeza Lucien Pelkey. Kazi hii inamtaka mtu asiyeweza kuamua."

"Naunga mkono," akasema Alma. Nikapita bila kupingwa, ushindi mkubwa kuliko wote nilioupata maishani.

Hoja ya tano ilikuwa kibao cha darajani: magari yatokayo Kinuni yayapishe yatokayo Mlimani. Nikahesabu mikono. Arobaini na tatu wanataka. Arobaini na tatu hawataki. Nikahesabu vichwa, vikawa themanini na saba bila mimi.

"Nani hajapiga kura?"

Doreen, mstari wa pili, alikuwa anafuma soksi. "Mimi."

"Uko upande gani, mke wangu?"

"Sina. Nimelala na wewe miaka thelathini na minane, Lucien. Umeniambukiza."

Waliangua kicheko, kisha macho yote yakanigeukia. Nikatazama dari. Nikatazama saa ya ukutani. Kisha nikaliwaza lori la maziwa likiteremka Mlimani juu ya barafu, breki zikiwa mapambo tu. La Kinuni linapanda, linaweza kusimama. Hapo hapana nane. Kuna sita au kumi.

"Kinuni wapishe," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeng'olewa jino.

"Ebo!" akasema Verna. "Kumbe ana mdomo."

Kibao kipo. Alma hajanisemesha tangu siku hiyo, na Julai alinipita na upawa kama anayepita nguzo. Verna alinijazia sahani mpaka pomoni, akasimama kuniangalia nikila.

Yalikuwa na sukari ya kutosha kutia keki. Nikamaliza, nikamshukuru, nikarudi kuketi. Ndipo nilipogundua, baada ya miaka kumi na sita ya kula pande zote mbili, kwamba ninayoyapenda ni ya Alma.