Vidonge Alivyovitupa Sanobar

Mtaani kwao, mjini Margilan, mtoto hakulazwa kwenye susu, kitanda cha kumbembelezea, ila kwa mikono ya Mama Sanobar. Siku ya sherehe, wanawake wakishajaa chumbani na peremende ziko tayari mabakulini, yeye ndiye aliyempokea mtoto na kumlaza kinyume makusudi, miguu mahali pa kichwa, kisha akauliza kwa sauti, "Ndiyo hivi?" Wanawake wote wakapiga kelele, "Sivyo! Mgeuze!" Akamlaza kiubavu, nao wakakataa tena kwa vicheko. Mara ya tatu akamlaza sawasawa, wakaitikia, "Ndivyo!", peremende zikamwagwa. Miaka ishirini na mitano aliifanya kazi hiyo. Hapakuwa na neno la mzazi wala la kichanga ambalo hakuulizwa yeye kwanza, na tuseme kweli, alijiona. Mtu akiitwa mjuzi kila siku, mwisho huamini.

Kisha mkamwana wake mwenyewe, Zilola, akajifungua mtoto wa kiume, Asror. Mume wa Zilola alikuwa Urusi akijenga maghorofa ya watu, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na kichanga. Wiki ya tatu Zilola akaugeukia ukuta. Alinyonyesha, lakini hakumtazama mtoto. Supu ya kondoo iliganda mafuta mbele yake.

"Ni hasada hiyo," akasema Sanobar, akafukiza nyumba nzima mpaka mtoto akakohoa.

Jirani yao Karomat alikuja na sambusa za tanuri, shingo ameinyoosha kuelekea chumba cha ndani. "Mzazi yu wapi? Mbona hatumwoni?"

"Hajatoka arobaini. Unataka kumtia jicho?"

"Jicho langu lina kazi zake, bibi wee! Haya, kuleni sambusa zingali moto."

Akaondoka. Sanobar akashusha pumzi kama mwizi aliyepitwa na askari.

Aliyegundua ni Daktari Mavluda wa zahanati ya mtaa, alipokuja kumpima mtoto. Alimwuliza Zilola maswali matatu manne tu, na Zilola akalia mpaka kitambaa cha kichwani kikalowa.

"Mama Sanobar, huu si uvivu wala si jini," daktari akasema. "Ni sonona. Huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, na inatibika. Vidonge hivi nimevichagua nikijua ananyonyesha. Kimoja kila asubuhi. Nafuu itachukua wiki mbili, tatu, hata zaidi, kwa hiyo msikatize. Na kila Jumatano mlete zahanati. Tuna mwalimu wa muziki na dufu lake, wazazi wanawaimbia watoto wao kwa maneno waliyoyatunga wenyewe."

"Kuimba? Mama zao wote nimewafundisha mimi kubembeleza!"

"Vizuri. Basi mlete. Nyimbo zinasaidia, ila si badala ya dawa."

Katika yote hayo Sanobar alisikia neno moja tu, ambalo daktari wala hakulisema: wazimu. Nyumba ya Sanobar, mlaza watoto wa mtaa mzima, ina mwendawazimu! Kesho yake asubuhi alivimwaga chooni vidonge vyote vya daktari, akaujaza mchupa wake vidonge vyake mwenyewe vya mifupa, vyeupe vilevile. Jumatano akasema mtoto ana mafua. Jumatano ya pili pia mtoto alikuwa na mafua.

Na kila asubuhi alimpelekea Zilola kidonge na bilauri ya maji, na Zilola akameza, mtiifu, akasema, "Asante, mama."

Wiki ya nne ya vidonge hivyo, Sanobar alirudi kutoka kununua mkate akamkuta Asror analia peke yake. Alimbeba, akatoka mbio na makubadhi ya ndani. Zilola alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji mkubwa nyuma ya mashamba ya miforosadi, viatu amevivua na kuvipanga vizuri kando.

"Zilola! Mwanangu, unafanya nini hapa?"

"Nimekunywa zote, mama," akasema bila kugeuka. "Sikuruka hata siku moja. Kama hata dawa imenishindwa, basi mimi si wa kupona."

Sanobar alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, machache tu, na hakuyasema. Alimshika mkono mkamwana wake, hakuuachia mpaka zahanati, na huko, Zilola akiwa nje na muuguzi, mlango ukishafungwa, akamwungamia daktari, macho sakafuni.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," akasema Mavluda. "Wewe umenusurika na kilio hatua chache tu. Nitampa nyingine, na kwa sasa asiachwe peke yake hata dakika moja. Kumwambia ni kazi yako. Asikae akiamini kwamba ameshindikana."

Dawa ya kweli ikaanza. Jumatano zikawa Jumatano. Mwanzoni Zilola aliketi na dufu mapajani bila kuligusa, halafu akaligonga kwa kidole, halafu siku moja akaimba, kwa sauti iliyokwaruza, akimtazama mtoto usoni. Alimtungia Asror wimbo kuhusu bibi yake, aletaye maji na kidonge jua likichomoza. Wazazi wengine wakamtazama Sanobar kwa huruma na sifa. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata siku hiyo hakusema.

Sherehe ya susu ikafanyika mtoto ana miezi minne. Pilau ilipakuliwa, chumba kikafurika, Karomat akiwa mbele kama kawaida yake. Zilola, mashavu yamerudi, aliwaambia wote bila kuficha, "Niliugua. Mama huyu ndiye aliyeniponya."

Sanobar alimpokea Asror. Akamlaza kinyume.

"Mkamwana wangu alipewa dawa," akasema. "Niliimwaga chooni kwa kuogopa midomo yenu. Nikampa vidonge vyangu vya mifupa, akameza mwezi mzima, akadhani haponi, akaenda mferejini. Ndiyo hivi?"

Hakuna aliyecheka. Karomat alitazama bakuli lake la peremende.

"Sivyo," akasema Zilola.

Alisimama, akapita katikati ya wanawake, akamwinua mtoto kutoka susuni, mbele ya mavyaa wake. Akamgeuza, akamlaza mwenyewe, akamfunga mikanda ya kitambaa taratibu. "Ndiyo hivi?" akauliza, bila kumtazama mtu.

"Ndivyo," akajibu Sanobar, peke yake, na machozi yakamtoka mbele ya mtaa mzima.

Tangu siku hiyo mchupa wa dawa unakaa chini ya mto wa Zilola. Asubuhi hukitoa kidonge mwenyewe. Sanobar huleta maji tu.