Bango Letu la Wanaanga, Kabuku

Ujumbe wa kumwagiza fundi bango niliuandika mwenyewe kwenye simu, wala sikuurudia kuusoma. Jumamosi nikalitundika mlangoni mwa ukumbi hapa Kabuku, tuzindue chama cha kuhamasisha safari za anga. Watu wakajaa nje, ila hakuna aliyeingia.

“Karibuni,” nikawaambia. “Tunataka watoto wenu waruke hadi mwezini.”

Mama mmoja akamvuta bintiye nyuma. “Usiku au mchana?”

“Hata usiku,” nikajibu kwa furaha.

Mzee mmoja akanishika bega. “Mwanangu, hebu soma bango lako.”

Nikageuka. Chama cha Wanga Kabuku. Kumbe nilikuwa nawaalika kwenye uchawi.

Nikaeleza kwa aibu kwamba nilikusudia wanaanga. Yule mama akacheka mpaka akafuta machozi.

“Sasa hiyo ya mwezini,” akasema, “binti yangu anajiandikisha wapi?”