Salamu nilizozifuta kwa herufi Q

Leo nimeifanya familia nzima ionekane haina adabu, kwa kubonyeza herufi moja.

Nilikuwa nahariri video ya harusi hapa ofisini kwangu, Nachingwea. Ctrl na B, klipu inakatika. Q, mwanzo wote wa klipu unafutika na picha zinaungana zenyewe. Mnaohariri mnajua raha yake.

Baba wa bwana harusi akaja kutoka Ruponda kuiangalia, kabla haijaenda kwa wakwe wa mwanawe, Narung'ombe. Akatazama kutokea nyuma yangu. Halafu:

"Mwanangu, hapa tumekaa kabla hatujakaribishwa."

Nikacheka. "Nimeondoa salamu tu, baba. Zilikuwa ndefu mno."

"Wakwe wataona tuliingia kwao kama tunaingia sokoni."

Sikucheka tena.

Ctrl na Z, tena na tena. Ikarudi hodi, wakarudi wanaovua viatu, zikarudi habari za wagonjwa na za mikorosho, mpaka mama mkwe akasema, "Karibuni mkae."

Nikageuka kumuuliza kama sasa iko sawa.

Bado alikuwa amesimama. Kiti cha wageni kilikuwa pale pale, na begi langu la kamera juu yake.

Alipoingia nilikuwa nimemkaribisha kwa neno moja tu: "Tazama."