Siku Nilipolipa Sindano Kama Funga

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka peke yangu jikoni hadi majirani wakagonga ukuta, maana aibu niliyoipata Igalula ingekuwa nguo ningeshaichoma moto.

Mimi ni mnene (msijifanye hamkujua), magoti yakaanza kulalamika, sukari ikapanda, daktari akaniandikia zile sindano za kupunguza uzito, unajichoma mwenyewe tumboni kila Ijumaa. Akanionya, "Ukiruka, usifidie, nipigie kwanza." Nikaitikia kwa adabu zote. Kisha nikaenda Dar kumwogesha mjukuu mchanga, sindano nikaisahau kwenye friji ya nyumbani kwangu Gongoni, Ijumaa ikapita, na niliporudi Ijumaa iliyofuata nikajiona nadaiwa. Sisi si tumezoea? Siku ya Ramadhani iliyokupita, unailipa. Basi nikajichoma ya Ijumaa ile, nikajichoma na ya deni, nikalala na moyo mweupe kabisa.

Kesho yake ilikuwa posa ya Salumu huko Igalula, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe, na mimi shangazi ndiye msemaji wa upande wetu. Njia nzima ananiambia, "Shangazi, usiniangushe, nampenda Zuhura."

Wenyeji walituandalia hasa: pilau, kuku wa kienyeji, na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, imeungwa kwa karanga. Harufu ya samli iliponifika tumbo likageuka. Nikawa nasogeza wali huku na huku kwenye sahani mpaka bibi yake Zuhura akaniona.

"Mgeni, mbona huli?"

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshibia wapi, na umefika sasa hivi?"

Mjomba wa binti akaweka tonge chini. "Anaogopa huyu. Anadhani tumemtilia kitu."

Hapo mnaelewa wenyewe: kukataa chakula cha watu ni kuwaita wachawi, na nani atampa binti yake mtu anayemwita mchawi? Salumu alinitazama macho yamemtoka. Nikaona posa inanifia mikononi, nikakamata tonge kubwa na kipande cha paja, bismillahi, nikameza, nikatabasamu, na vyote vikarudi. Kitu cha karibu nilichokidaka kilikuwa doti ya kanga tuliyomletea bibi, imeandikwa TUMEKUJA KWA HESHIMA. Nikatapikia humo humo.

"Si mnaona!" Mjomba akasimama. "Sasa atakwenda kusema tumemlisha sumu!"

Ikabidi niseme yote, kanga mkononi: sindano, Dar, deni. Hakuniamini. "Mpigie huyo daktari, na uweke spika."

Daktari wa watu hakujua anasikilizwa na ukoo mzima. "Umelipa? Mama, hii ni dawa, si funga! Na uzito wako wa..." akautaja, hakuacha hata nusu kilo. "Kunywa maji kidogo kidogo. Ukizidi kutapika au tumbo likikuuma sana, nenda hospitali, usisubiri. Na usijichome tena mpaka uje nikupangie upya."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, akafuatwa na chumba kizima, halafu akaja kunishika kichwa na kuninywesha maji kwa kijiko. "Ungesema mapema, mwanangu. Tulipokuona unashuka garini tulifurahi, tukasema huko mtoto wetu hatalala njaa."

Mjomba akaketi, akarudia kuku wake. Salumu alijifunika uso kwa viganja, sikujua analia au anacheka. Posa wakaipokea, alhamdulillahi.

Sindano bado natumia, kwa kipimo cha daktari, na Ijumaa ikinipita nampigia nikiwa nimejifungia chumbani. Na nikialikwa popote natangulia kusema: jamani, niko kwenye dawa, nipakulieni kidogo. Kusema kunatia haya, ndiyo, lakini hakujafikia haya ya kufua kanga ya bibi wa watu huku wakwe wamekusimamia.