Kambi ya Kuogelea Kamachumu

Nilipokuwa darasa la sita mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na jina hilo ndilo lililoniponza. Kiongozi mmoja alikuja Bukoba kuhutubia, akasema ni aibu mkoa wenye jina la ziwa kuwa na vijana wasiojua kuogelea. Watu wakapiga makofi. Siku zile makofi yalikuwa na uzazi mkubwa, na haya yalizaa kambi mbili za michezo za vijana, moja ya kuogelea na nyingine ya riadha, zote katika likizo ya Juni.

Kwetu ni Bilele, hapo hapo Bukoba mjini. Ziwa lilikuwa karibu kiasi kwamba upepo ukivuma tuliyasikia mawimbi tukiwa ndani. Hata hivyo, wasichana hatukuogelea. Tulifua, tukachota maji, tukarudi nyumbani kabla mama hajaanza kutuita. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponiteua, akisema, "Wewe unakaa karibu na maji," nilifurahi mno. Nilijiona nikienda ufukoni asubuhi na kurudi mchana kula ndizi za mama. Ndipo mwalimu mkuu akamalizia tangazo lake: kambi ya kuogelea itakuwa Kamachumu.

Tata, baba yangu, alikuwa fundi cherehani. Nilipomwambia, aliuondoa mguu kwenye pedali.

"Kamachumu ya kule juu mlimani?"

"Ndiyo, tata."

"Na watu wa Kamachumu wao wataogelea wapi?"

"Wao hawaogelei. Wanaletwa hapa Bukoba kukimbia."

Alitazama nje, upande wa ziwa.

"Labda wakubwa wameona tusichokiona," alisema, akarudisha mguu kwenye pedali.

Lori lilitubeba asubuhi, wavulana na wasichana, tukaliacha ziwa nyuma yetu. Barabara ilipoanza kupanda likawa linaonekana chini, pana na la buluu, na kila kona lilizidi kuwa dogo. Katikati ya mlima tulipishana na lori lingine lililokuwa linashuka. Lilikuwa limejaa vijana wenye miguu mikavu ya watu waliozaliwa kwenye miteremko. Wakatupungia mikono. Tukawapungia. Walikuwa wanapelekwa kwenye uwanja tambarare kujifunza kukimbia, jambo ambalo walikuwa wakilifanya tangu walipoanza kutumwa dukani.

Kamachumu tulipokewa na Afisa Michezo, mtu mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri na sauti ya mkutano wa hadhara. Alitusimamisha mistari mbele ya bweni la shule tuliyopangiwa akatueleza mantiki ya jambo lenyewe.

"Riadha inataka uwanja, na uwanja uko Bukoba. Kuogelea kunataka bwawa, na bwawa liko hapa. Ziwa si kituo cha michezo, vijana wangu. Ziwa halina kingo. Halina mistari. Mtu anaweza kuogelea tu bila mpango, akaishia Uganda!"

Tulicheka kwa sababu alitaka tucheke. Kisha akatukabidhi kwa mwalimu wetu wa kuogelea, kijana mpole kutoka Karagwe aliyekuwa ametoka Jeshi la Kujenga Taifa muda si mrefu. Alikuwa na filimbi shingoni, na aliipenda filimbi ile kuliko kitu chochote. Akatuongoza nje ya kijiji hadi kwenye rweya, yaani mbuga ya majani ambako kila mtu huchunga, ili tukalione bwawa.

Lilikuwa josho la ng'ombe.

Sisi wa mjini hatukulitambua mara moja. Tuliona mfereji mrefu wa saruji mpya, mwembamba, wenye kina upande mmoja na mteremko wenye matuta upande wa pili, umezungukwa na uzio wa miti. Kijiji kilikuwa kimelijenga kwa nguvu za wananchi ili kuogesha mifugo dhidi ya kupe, lakini dawa ilikuwa haijafika, wala maji hayakuwa yamewahi kutiwa. Afisa Michezo alilipita siku moja akiwa ndani ya gari, akaona kingo zilizonyooka, akaridhika.

"Mbona ni jembamba?" aliuliza msichana mmoja wa Hamugembe aliyelala kitanda cha jirani yangu bwenini. Huyu alikuwa na tabia ya kuuliza mambo yaliyo wazi.

"Ni njia moja," alisema mwalimu. "Mabwawa ya kimataifa yana njia nyingi. Sisi tunaanza na moja."

"Na maji?"

Mwalimu alitazama saruji kavu, akatazama bonde lililokuwa mbali chini yetu.

"Maji tutayaleta," alisema. "Kwa kujitegemea."

Basi tukayaleta. Chemchemi ilikuwa bondeni, na Juni ni kiangazi, kwa hiyo ilitoa maji kwa kusitasita. Tulishuka na ndoo, tukasubiri zijae, tukapanda nazo vichwani hadi kwenye rweya, tukamwaga ndani ya mfereji, tukasikia maji yakinywewa na vumbi. Mwalimu alipiga filimbi, tukashuka tena. Wanakijiji waliokuwa wanaanika kahawa kwenye majamvi walituona tukipita asubuhi hadi jioni. Mama mmoja mzee alitusimamisha.

"Nyie watoto wa mjini, mnajenga nini huko?"

"Hatujengi, waitu," tulimjibu kwa heshima ya Kihaya. "Tunaogelea."

Alituchunguza, shingo zimelowa, mavumbi hadi magotini. "Poleni," alisema, akatuwekea ndizi mbivu mkononi.

Mwisho wa juma la kwanza maji yalifika kiunoni. Ilikuwa sherehe. Tuliruhusiwa kuingia mmoja mmoja, wasichana wakiwa na magauni yao ya shule, kwa kuwa katibu wa kata alikuwa ametoa onyo kali kuhusu mavazi yasiyolingana na utamaduni wetu. Nikaingia. Gauni likajaa hewa, likapanda hadi mabegani kama mwavuli, na viwiko vyangu vikagonga saruji huku na huku. Nilitembea kutoka upande wa kina hadi kwenye mteremko, nikatoka. Mwalimu akapiga filimbi.

"Vizuri! Kesho tutainua miguu."

Kesho yake dawa ilifika.

Bwana mifugo alikuja nayo kwa baiskeli, dumu limefungwa nyuma kwa mpira, na nyuma yake walikuja ng'ombe wa kijiji kizima na wenyewe. Tulikuwa tumepanga foleni tukisubiri zamu, na ng'ombe nao wakapanga foleni yao ng'ambo ya uzio. Bwana mifugo alimtazama mwalimu.

"Ndugu, hawa watoto wanafanya nini ndani ya josho langu?"

"Hili ni bwawa la mkoa," mwalimu alisema, ila sauti yake haikumuunga mkono.

"Ni josho. Jana nimesikia kwamba limejaa maji, nikashukuru Mungu. Nani kayaleta?"

"Sisi," tulisema wote kwa pamoja.

"Kijiji kinawashukuru sana," alisema bwana mifugo, bila kejeli yoyote, akafungua dumu.

Mwalimu alikimbia hadi ofisi ya kata kutafuta msaada. Katibu alikuja, akawasikiliza wote wawili, kisha akauliza swali moja tu: kijiji kilijiandikisha kwa shughuli gani, ufugaji au kuogelea? Shauri likaishia hapo. Wenye ng'ombe walipiga makofi. Nilimtazama mwalimu akikunja kamba aliyokuwa amepanga kutufungia viunoni tusizame, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Lakini hakukata tamaa; hilo lazima niliseme. Alituketisha kwenye majani kando ya uzio.

"Tazameni," alisema. "Tazameni kwa makini."

Ng'ombe wa kwanza alisukumwa, akaruka, akazama hadi masikioni, akaibuka akiwa amenyanyua pua, macho yamemtoka, miguu ikichapa maji chini kwa chini, akapita njia nzima ya kimataifa na kupanda matuta upande wa pili akijikung'uta. Akafuata mwingine. Hakuna hata mmoja aliyezama. Hakuna aliyekuwa na filimbi.

"Kichwa juu," mwalimu alisema kwa mnong'ono. "Miguu haisimami. Mmeona?"

Tuliona. Tangu siku ile tulifanya mazoezi juu ya madawati. Unalala kifudifudi, tumbo kwenye ubao, kidevu juu, unachapa hewa kwa miguu na mikono, huku mwenzako ameshika dawati lisianguke. Matumbo yetu yaliota michubuko. Msichana wa Hamugembe aliuliza kama hewa na maji ni kitu kimoja, na mwalimu akamjibu kwamba tofauti ni ndogo ukishazoea. Siku moja nilimkuta mwalimu peke yake darasani amelala juu ya dawati, anachapa taratibu, amefumba macho. Nilirudi nyuma bila kumgutusha.

Siku ya kufunga kambi zote mbili ilipangwa kufanyika Bukoba, ufukoni, mbele ya mgeni rasmi. Lori likatushusha mlima. Safari hii ziwa lilizidi kukua kila kona, na hakuna aliyeimba. Mwalimu alikaa nasi nyuma badala ya kukaa na dereva.

"Mwalimu," nilimwuliza, "wewe umewahi kuogelea?"

Alitazama nyuma ya lori kulikokuwa na vumbi. "Jeshini tulivuka mto," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Kulikuwa na kamba."

Ufukoni kulikuwa na turubai, viti vya ofisi, ngoma na watu wengi. Tata alikuja na futi yake ya kupimia nguo shingoni, alikuwa ameisahau. Wanariadha walifungua: walikimbia kwenye mchanga, wakakimbia vizuri, kama walivyokuwa wakikimbia kabla ya kambi. Kisha Afisa Michezo akashika kipaza sauti na kuwatangaza waogeleaji wa mkoa, waliotoka kwenye kituo cha kisasa cha Kamachumu.

Tukaingia majini kwa mstari. Pale ufuko unateremka taratibu. Unatembea mbali na maji bado yako mapajani. Mwalimu alitupa maagizo ambayo ningali nayaheshimu hadi leo: tusifuate kina, tufuate ufuko. Akapiga filimbi. Tukalala majini, tukainua videvu, macho yametutoka, na kwa mikono tukashika mchanga wa chini, tukaenda kwa kutambaa huku miguu ikichapa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kutoka kwenye turubai ilionekana ajabu. Watu walishangilia.

"Huu ni mtindo gani?" mgeni rasmi aliuliza.

Afisa Michezo hakujua, akamgeukia mwalimu.

"Ni mtindo wa kujitegemea, Mheshimiwa," alisema mwalimu.

Mgeni rasmi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema ni mara yake ya kwanza kuona mtindo usioigwa kwa wakoloni.

Mimi niliyasikia hayo baadaye kwa tata, maana wakati yanasemwa nilikuwa na shida zangu. Wimbi lilikuja, likanivuta kutoka kwenye mstari, na mikono yangu ilipotafuta mchanga haikuukuta. Nilifanya kila nilichofundishwa na dawati. Maji hayakuwa hewa. Nikanywa, nikapiga kelele zisizotoka, gauni likanifunika uso.

Kuna mtu alinishika kwapani na kuninyanyua. Alikuwa msichana mwanariadha, mwembamba, na alikuwa anaelea pale bila kushika chochote, kama mtu aliyekaa kwenye kiti.

"Acha kunipiga," alisema kwa Kihaya. "Legea."

Akanivuta kinyumenyume hadi maji yakawa ya magotini. Kule chini ya turubai walikuwa wamefika kwenye zawadi, hakuna aliyetuona. Nilikohoa hadi machozi yakatoka.

"Umejifunzia wapi?" nilimwuliza nilipoweza kusema.

"Hapa hapa. Walitulaza madarasani pale karibu, hakuna bafu, kwa hiyo kila jioni tulikuja kuoga ziwani. Tulichoka kukimbia kuzunguka uwanja, basi tulikuwa tunakaa majini." Alicheka. "Wewe si ndiye muogeleaji?"

"Mimi nilikuwa nabeba maji," nilisema.

Kambi ilitangazwa kuwa imefanikiwa. Afisa Michezo alipandishwa cheo. Mwalimu wetu alihamishiwa Dodoma, na baadaye nilisikia kwamba alichaguliwa kwa sababu ya uzoefu wake wa kufundisha kuogelea pasipo maji. Sijui kama ni kweli. Natumaini alipata furaha huko, na wanafunzi waliompenda kama sisi, kwa kuwa tulimpenda.

Lakini siku ile lori la Kamachumu lilichelewa kuondoka, dereva alikuwa anakula, na yule msichana alinirudisha majini. Tata alikuja akasimama ukingoni na viatu mkononi, hakutukataza. Msichana aliweka kiganja chini ya mgongo wangu.

"Tazama juu," alisema. "Usifanye kitu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizopewa likizo ile, kutofanya kitu. Nilitazama juu. Masikio yakajaa maji, ngoma za turubai zikawa mbali. Sikujua ni wakati gani aliondoa kiganja chake. Niliposimama nilimkuta yuko hatua kadhaa kutoka kwangu, mikono amekunja kifuani, na tata kule ukingoni anapiga makofi polepole, peke yake.

Lori likapiga honi. Msichana akakamua gauni lake, akakimbia.